Mafuta Hugawanywa kwa Vichwa: Maswali Yenu Kuhusu Utajiri na Umaskini wa Nchi za Kiarabu

Sehemu kubwa ya barua za mwezi huu inauliza jambo moja kwa njia tofauti: kwa nini ndani ya Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, yenye wanachama 22, mna nchi zinazohesabiwa miongoni mwa tajiri kabisa duniani na nyingine zinazoishi kwa msaada wa chakula. Kwa vipimo vya Benki ya Dunia, nchi sita za Ghuba (Saudia, Falme za Kiarabu, Qatar, Kuwait, Bahrain na Oman) zote ziko kundi la juu, ambalo mlango wake ni pato la takriban dola 14,000 kwa mtu kwa mwaka. Yemen, Syria, Sudan na Somalia ziko kundi la chini kabisa. Tumechagua barua saba.

Assalaam alaikum wahariri. Qatar na Yemen ziko rasi moja, lugha moja, dini moja. Ilikuwaje mmoja akajenga viwanja vya Kombe la Dunia na mwenzake akapanga foleni ya unga wa msaada?
*Msomaji, Tanga*

Waalaikumu salaam ndugu yetu. Shika kalamu na karatasi, kwa sababu nusu ya jibu ni hesabu ya kugawa. Chukua mapipa ya mafuta ambayo nchi inachimba kwa siku, zidisha kwa bei ya pipa, kisha gawa kwa idadi ya raia. Tuseme pipa ni dola 70. Kuwait huchimba kama mapipa milioni 2.5 na ina raia wapatao milioni 1.5: kila raia anaangukiwa na dola 116 kwa siku. Iraq, jirani yake wa kupakana, huchimba mengi zaidi, mapipa milioni 4 na ushei, lakini ina watu milioni 45: dola 6 na senti. Oman, mapipa milioni 1 kwa raia milioni 3: dola 23. Aljeria, mapipa milioni 1 hivi kwa watu milioni 46: dola moja na nusu, kabla hujaongeza gesi yao.

Sasa Yemen. Hata kilele chake, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilikuwa mapipa kama 450,000 kwa siku. Ukiyagawia Wayemeni wa leo, ambao wamepita milioni 35, mtu hapati hata dola moja. Na hayo ni mauzo ghafi, hujatoa gharama ya kuchimba wala yanayotumika nchini. Kwa hiyo ukisikia “Waarabu wana mafuta,” uliza kwanza yanagawanywa kwa vichwa vingapi.

Qatar yenyewe haikutajirika kwa mafuta bali kwa gesi, na haikuwa bahati tu. Uwanja mkubwa wa gesi chini ya bahari, ambao inauchangia na Iran, uligunduliwa mwaka 1971, na kwa miaka mingi ulionekana kama mzigo. Gesi haimiminwi kwenye pipa ikapakiwa melini. Inahitaji bomba, na wateja wakubwa walikuwa Japani na Korea. Njia iliyobaki ni kuipoza mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri. Hapo hugeuka kimiminika na ujazo wake hupungua mara 600, hivyo meli kubwa kabisa ya kazi hiyo, inayochukua mita za ujazo 266,000, hubeba gesi ambayo ikiwa hewani ingejaza mita za ujazo milioni 160. Mitambo ya kupoza inagharimu mabilioni kabla hujauza hata tone. Qatar ilikopa, ikajenga mitambo hiyo mahali paitwapo Ras Laffan, na ikafunga mikataba ya miaka 20 na zaidi na wanunuzi kabla ujenzi haujaisha, ili wakopeshaji waone pesa itatoka wapi. Mzigo wa kwanza ulielekea Japani mwishoni mwa 1996. Kufikia 2025 uwezo ulikuwa tani milioni 77 kwa mwaka, na raia wa kugawana hawafiki laki nne.

Yemen nayo ilijenga kiwanda cha gesi ya kimiminika huko Balhaf, kikaanza kusafirisha mwaka 2009. Vita vikakifunga mwaka 2015. Kabla ya hapo kuna pigo ambalo wengi wamelisahau. Mpaka mwaka 1990 Wayemeni waliingia Saudia na kufanya kazi bila kuhitaji kafili (mwajiri anayemdhamini mgeni), na pesa walizotuma ndizo zilizojenga nyumba za vijiji vyao. Iraq ilipoivamia Kuwait Agosti mwaka huo, serikali ya Yemen ikakataa kuunga mkono majeshi ya kigeni. Ruhusa ile ikafutwa, na watu kama 800,000 wakarudi kwao ndani ya miezi michache, wengi wakiwa wameuza duka na gari kwa bei ya kutupa. Ongeza na maji: visima vya nyanda za Sana'a vinazidi kuchimbwa chini mwaka hadi mwaka, na sehemu kubwa ya maji hayo humwagiliwa mirungi badala ya ngano.

Tangu Septemba 2016 nchi ina benki kuu mbili, moja Aden na moja Sana'a. Mwishoni mwa 2019 watawala wa Sana'a walipiga marufuku noti mpya zilizochapishwa na Aden, na tangu hapo riali moja ina thamani mbili. Chukua fundi wa Aden anayemtumia mama yake aliyeko Sana'a riali 100,000. Dola Aden ikiwa 2,000, pesa ile ni dola 50. Sana'a dola ni 530 na kitu, basi mama anapokea kama riali 26,500 na karani anaandika tofauti ile kuwa “ada ya kutuma.” Mfuko wa unga kwa mama haujashuka bei kwa sababu hiyo, kwani unaingia kwa dola.

Nimewafundisha wanafunzi wangu kuwa pato la mtu mmoja Qatar ni kama dola 80,000 kwa mwaka. Mwanafunzi mmoja akauliza, “Hata yule Mkenya anayefagia uwanja wa ndege?” Nisaidieni kumjibu.
*Mwalimu wa jiografia, Mombasa*

Mwanafunzi huyo apewe alama zote, mwalimu. Amegusa pale pale ambapo takwimu hiyo inapotosha.

Pato kwa mtu ni thamani yote iliyozalishwa nchini kugawa kwa wakazi wote. Qatar raia ni kama mmoja kati ya kumi; waliobaki ni wafanyakazi wa kigeni, na wote wamo kwenye kigawanyo. Tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara ni riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na 500 za malazi na 300 za chakula iwapo mwajiri hatoi vitu hivyo. Jumla 1,800. Kwa mwaka ni riyali 21,600, na kwa kuwa dola moja ni riyali 3.64, hiyo ni chini kidogo ya dola 6,000. Huyo mfagiaji anashusha wastani kwa kuhesabiwa, lakini dola 80,000 hazijui. Upande wa pili, fungu la raia kwa kweli ni kubwa kuliko hizo 80,000.

Kwa hiyo wanafunzi wakikutana na takwimu kama hiyo waulize mambo manne. Kwanza, nani yumo kwenye kigawanyo. Pili, je, ni dola za sokoni au zimerekebishwa kwa bei za nchi husika? Misri kwa dola za sokoni inaonekana maskini sana; ukirekebisha kwa kuwa mkate, nauli na kodi ya nyumba Cairo ni rahisi, pato linapanda mara kadhaa. Usilinganishe Misri iliyorekebishwa na Qatar isiyorekebishwa, kosa tunaloliona magazetini kila siku. Tatu, pesa inayotumwa nje: mshahara wa mhamiaji unahesabiwa Doha lakini unaliwa Kathmandu au Kisii. Nne, mwaka gani. Takwimu ya 2022, gesi ilipopanda kwa vita vya Ukraine, na ya 2020, mafuta yalipoporomoka, ni kama nchi mbili tofauti.

Na wastani wa nchi nao huficha majimbo. Katika Falme za Kiarabu zaidi ya asilimia 90 ya mafuta yako Abu Dhabi peke yake. Dubai ilikuwa na kidogo, ndiyo maana ilijikaza kwenye bandari: Jebel Ali ilifunguliwa 1979 na eneo huru la biashara likafuata 1985. Ilipozidiwa na madeni mwaka 2009, Abu Dhabi ndiyo iliyotoa dola bilioni 10 mwezi Desemba, na wiki chache baadaye lile jengo refu kuliko yote duniani likafunguliwa kwa jina la mtawala wa Abu Dhabi. Falme ndogo za Umm al-Quwain na Fujairah hazina mafuta ya kujivunia. Barabara na hospitali zao hujengwa kwa hazina ya shirikisho, ambayo tena ni Abu Dhabi.

Bibi zetu waliotoka Unguja walisema zamani Waarabu wa Maskati ndio walioomba pesa Zanzibar. Watoto wangu waliozaliwa hapa hawaamini. Ni kweli?
*Mama wa watoto watatu, Muscat*

Kweli, dada, na imeandikwa. Seyyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Zanzibar na akafariki mwaka 1856. Wanawe wakagawana: Thuwaini akashika Maskati, Majid akashika Zanzibar, wakaanza kugombana. Uamuzi wa mwaka 1861 wa Lord Canning, mtawala wa Uingereza nchini India, ulizitenganisha nchi hizo mbili na kuiamuru Zanzibar iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka, kwa sababu aliyerithi Zanzibar alikuwa amepata fungu nono. Wakati huo mapato ya forodha ya Unguja, karafuu na pembe za ndovu yaliizidi Maskati kwa mbali. Watoto waambiwe pia kwamba karafuu ile ilichumwa na watumwa, na watumwa wenyewe walikuwa bidhaa iliyotozwa ushuru. Utajiri wa bibi zetu haukutoka mbinguni.

Oman ikabaki nyuma karne nzima. Sultan Qaboos aliposhika madaraka Julai 1970, miaka mitatu baada ya mafuta kuanza kusafirishwa, kulikuwa na kilomita kumi hivi za lami na shule tatu. Serikali mpya ilihitaji haraka watu waliosoma, na wengi walikuwa ni wale waliokimbia Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964. Ndiyo sababu Kiswahili kilisikika, na bado kinasikika, kwenye ofisi nyingi za Muscat.

Ila Oman haina mafuta ya Kuwait. Ile hesabu ya dola 23 tuliyoifanya hapo juu ndiyo inayoeleza maisha yenu. Bei ilipoanguka 2014 na tena 2020, deni la serikali lilikaribia asilimia 70 ya pato la taifa. Likabanwa kwa kupunguza ruzuku ya petroli na umeme, kuleta kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 Aprili 2021, na kulipa deni kila bei ilipopanda badala ya kuongeza mishahara. Kufikia 2024 lilikuwa karibu asilimia 35. Hatua inayofuata ni Januari 2028: kodi ya mapato ya asilimia 5 kwa kipato kinachozidi riali 42,000 kwa mwaka, ya kwanza ya aina hiyo katika Ghuba. Inahesabiwa juu ya kinachozidi, si kipato chote. Mwenye riali 50,000 atatozwa asilimia 5 ya 8,000, yaani riali 400, kabla ya punguzo lolote. Wengi mnaotuandikia hamtaguswa.

Mimi nachukua mzigo Dubai na mara moja moja Cairo. Dirham haijawahi kunishtua, lakini pauni ya Misri imenichanganya: nimepata faida mwezi mmoja, hasara mwezi uliofuata. Nini hasa kinafanya moja isimame na nyingine ianguke?
*Mfanyabiashara, Kariakoo*

Ndugu yetu, dirham haisimami yenyewe. Imefungwa kamba kwenye dola. Tangu 1997 dola moja ni dirham 3.6725. Riyali ya Saudia ni 3.75 tangu 1986, riali ya Oman ni dola 2.60. Kuwait pekee imefunga dinari yake kwa kapu la sarafu kadhaa. Kamba haikatiki kwa sababu mafuta na gesi huuzwa kwa dola: benki kuu inapokea dola kila siku, na yeyote anayetaka kubadilisha hupewa kwa bei ile ile. Gharama yake ni kwamba Marekani ikipandisha riba, nao lazima wapandishe hata kama biashara kwao imelala.

Kwako hii ina matumizi. Gawa bei ya dola ya siku hiyo kwa 3.67. Dola ikiwa shilingi 2,600, dirham inapaswa kuwa 708 hivi. Duka la fedha likikutajia 725, hujanunua sarafu adimu, umelipa faida ya muuzaji mara mbili. Nunua dola ukabadilishe ukifika.

Misri ina watu zaidi ya milioni 100, ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa ngano duniani, na dola zake zinatoka sehemu chache: Wamisri walio nje, watalii, Mfereji wa Suez, gesi kidogo, na wawekezaji wa muda mfupi wanaofuata riba kubwa. Hawa wa mwisho ndio hatari. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, waliondoa kama dola bilioni 20 kwa miezi michache. Serikali ikang'ang'ania bei rasmi wakati dola hakuna, na hapo huzaliwa bei ya mtaani. Mwanzoni mwa 2024 benki ilisema pauni 31 kwa dola, mtaani ikafika 70. Tarehe 6 Machi 2024 kamba ikaachiwa na bei ikatua karibu 50. Haikuwa mara ya kwanza: Novemba 2016 ilitoka 8.88 ikapita 18 kabla mwaka haujaisha.

Dalili za kuangalia kabla hujatuma pesa: benki kuweka kikomo cha kadi nje ya nchi, makontena kukaa bandarini kwa kukosa dola za kuyatoa, na pengo la bei ya mtaani na rasmi kupita asilimia 20. Ukiona hayo, usilipe kiasi chote mapema kwa pauni na usikubali bei ya pauni ya miezi mitatu mbele. Andikiana na muuzaji kwa dola, malipo yakigawanywa: sehemu wakati wa oda, iliyobaki mzigo ukikaguliwa. Wala usibadilishe vichochoroni. Misri watu hufungwa kwa hilo.

Anayeumia zaidi si wewe. Mkate wa ruzuku, gramu 90, ulikuwa piasta 5 (piasta ni senti ya pauni) kwa zaidi ya miaka 30. Juni 2024 ukawa piasta 20. Mwenye kadi anaruhusiwa mikate mitano kwa siku. Hata hiyo bei mpya ni chini sana ya gharama, ambayo serikali iliitaja kuwa piasta 125, na kila pauni inapoanguka pengo hilo linapanuka kwa sababu ngano inanunuliwa kwa dola. Hakuna serikali ya Misri iliyosahau Januari 1977, ilipojaribu kuondoa ruzuku na miji mikubwa ikawaka moto kwa siku mbili.

Lebanon ni onyo kubwa zaidi, kwa kuwa nao walifunga kamba bila kuwa na mafuta: lira 1,507.5 kwa dola tangu 1997. Dola za kushikilia kamba zilitoka kwa Walebanoni walio ughaibuni, walioweka akiba kwa riba nono. Mabenki yakaikopesha benki kuu, benki kuu ikaikopesha serikali, na riba ya mteja wa jana ikalipwa kwa amana ya mteja wa leo. Amana zilipopungua, Oktoba 2019 milango ya mabenki ikafungwa. Tazama ilivyokuwa kwa mwalimu mstaafu katikati ya 2021 mwenye dola 100 kwenye kitabu chake. Benki ilimpa lira 3,900 kwa kila dola, jumla 390,000, wakati dola 100 mtaani zilikuwa lira milioni moja na nusu. Robo tatu ya akiba yake ilipotelea pale dirishani. Leo dola moja ni lira 89,500.

Moroko haina mafuta lakini ina treni ya mwendo kasi. Wamefanyaje?
*Mwanafunzi wa chuo, Dodoma*

Fosfeti kwanza: karibu asilimia 70 ya akiba inayojulikana duniani, pamoja na ile ya Sahara Magharibi inayogombaniwa, na badala ya kuuza mawe ghafi tu wanauza mbolea. Kisha mahali walipo. Mlango wa Gibraltar una upana wa kilomita 14 tu penye wembamba, hivyo bandari ya Tanger Med ikafunguliwa 2007 hapo hapo, na kiwanda cha Renault kikafuata 2012 kikiwa na reli inayofika hadi kwenye meli. Gari likitoka kiwandani leo linaweza kuwa Hispania kesho. Ile treni ilianza Novemba 2018 na hufika kilomita 320 kwa saa kati ya Tangier na Kenitra.

Lakini usiishie stesheni. Tetemeko la Septemba 2023 liliua karibu watu 3,000, wengi kwenye vijiji vya Milima ya Atlas vyenye nyumba za udongo na njia ambazo gari la wagonjwa halipiti. Vijana waliojaa mitaani Septemba 2025 walikuwa wanadai hospitali na shule. Tunisia ina mgawanyiko wa namna hiyo kati ya pwani na bara, na ulipolipuka Desemba 2010 ulianzia Sidi Bouzid, mji wa ndani.

Je, Waarabu matajiri huwasaidia Waarabu maskini? Sisi Wakomoro tumo kwenye jumuiya yao tangu 1993.
*Msomaji, Moroni*

Husaidia, kwa njia ambazo nyingi si zawadi. Moja ya zamani iliyo wazi ni ya mkutano wa Khartoum mwaka 1967, Saudia, Kuwait na Libya zilipoahidi pauni za Kiingereza milioni 135 kwa mwaka kwa nchi zilizopigwa vitani na Israeli. Kuwait ilikuwa na mfuko wake wa kukopesha miradi tangu 1961, mwaka ule ule ilipopata uhuru. Iko pia Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah, na BADEA, yaani Benki ya Kiarabu ya Maendeleo ya Kiuchumi Afrika, ambayo hukopesha nchi za Afrika zilizo nje ya jumuiya ya Waarabu, Tanzania na Kenya zikiwemo.

Njia inayotumika sana sasa ni amana: nchi ya Ghuba inaweka dola kwenye benki kuu ya mwenzake, zinaonekana kama akiba, lakini mwenyewe anaweza kuzidai. Ona mpango wa Ras el-Hekma wa Februari 2024. Falme za Kiarabu zilitangaza dola bilioni 35 kwa Misri; 24 zilikuwa pesa mpya, na 11 zilikuwa amana zao zilizokuwepo tayari, zikageuzwa kuwa uwekezaji. Na kilichobadilishana mikono ni haki ya kuendeleza kipande kikubwa cha pwani ya Mediterania. Nchi ikiwa na watu wengi na jeshi kubwa, inasaidiwa haraka, kwa kuwa ikianguka majirani wote watatikisika. Komoro haina uzito huo. Mkutano wa Doha wa Machi 2010 uliwapa ahadi za zaidi ya dola milioni 500, na ninyi mlioko Moroni mnajua kipi kilijengwa. Pesa inayofika kwenu bila mkutano ni ya ndugu walioko Ufaransa, karibu moja ya tano ya pato la taifa.

Nimepewa mkataba wa kazi za nyumbani Riyadh, riyali 900 kwa mwezi. Wakala anasema Wafilipino wanapata 1,500 kwa kazi hiyo hiyo. Ni kwa nini, na nifanye nini?
*Binti, Kilifi*

Binti yetu, riyali 900 ni dola 240, na 1,500 ni dola 400. Tofauti hiyo haihusu ustadi wako wa kupika au kulea. Serikali ya Ufilipino iliweka dola 400 kuwa kima cha chini kwa watumishi wake wa nyumbani walio nje na ikawa tayari kuzuia watu wake wasisafiri ikikataliwa. Nchi zetu zimekuwa zikishindana kupeleka watu wengi, na anayeshindana kwa wingi hushuka kwa bei. Tunalisema hili kwa uchungu, maana limo ndani ya uwezo wa serikali kulirekebisha.

Jua pia kwamba mageuzi ya Saudia ya Machi 2021, yaliyorahisisha mfanyakazi kubadili mwajiri, hayakuwahusu watumishi wa nyumbani. Bado kafili ana nguvu juu yako: akiripoti kwamba umetoroka, unakuwa mkosaji hata kama ulikimbia kipigo. Kwa hiyo mambo haya yafanyike kabla ya kupanda ndege.

Hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira; uliza namba ya leseni na uihakiki mwenyewe. Mkataba wako lazima uwe kwenye mfumo wa Saudia uitwao Musaned, wenye namba, jina la mwajiri na mshahara. Ukipewa karatasi moja Nairobi na nyingine uwanja wa ndege wa Riyadh, ya pili ndiyo watakayokulipa, basi usisaini usichokisoma. Gharama ya kukuajiri ni ya mwajiri, si ya kukatwa kwenye mshahara wako. Piga picha pasi, viza na mkataba, mtumie dada au mama, na uwe na namba ya ubalozi wetu Riyadh umeikariri kichwani, kwa kuwa simu ndiyo kitu cha kwanza kunyang'anywa.

Ukifika, dai ikama yako (kibali cha ukaazi) na mshahara kupitia benki au kadi, si mkononi, kwa sababu rekodi ya benki ndiyo shahidi wako pekee. Sheria hairuhusu mwajiri kushika pasi yako. Akiishika, mwambie ndugu zako tarehe. Mshahara ukikosekana mwezi wa kwanza, lalamika mwezi huo huo. Walioachia miezi sita ipite wakitumaini kulipwa kwa mkupuo ndio wanaotuandikia wakiwa wamesharudi mikono mitupu.

Na hizo 900, jaribu kuzungumza kabla hujasaini, hasa kama umewahi kufanya kazi Ghuba au unajua Kiarabu. Mwajiri analipa wakala maelfu ya riyali kukuleta. Nyongeza ya 100 au 200 kwa mwezi kwa mtu mwenye uzoefu si ombi la ajabu, na iandikwe ndani ya mkataba wa Musaned, isibaki maneno ya simu.